Chemsha bongo ya kila asubuhi: kwa nini darasa hupoa, na namna ya kulichangamsha tena

Swali

Nafundisha watoto wa miaka 10 hadi 13. Tangu muhula uanze naandika chemsha bongo moja ubaoni kila asubuhi kabla ya vipindi. Wiki ya kwanza darasa zima lilichangamka. Sasa wanaojibu ni walewale watatu, wengine wamekaa wanasubiri jibu, na wachache wanasema fumbo lenyewe wameshaliona kwenye intaneti. Nilijaribu kuyafanya magumu zaidi, hali ikazidi kuwa mbaya. Niyachague vipi, niyaendesheje, na je, ni kweli yanaongeza akili?

Jibu

Mwalimu, nianzie mwisho, maana jibu la swali lako la tatu ndilo linaloamua mengine yote. Mafumbo hayaongezi akili kwa ile maana ya jumla, kwamba mtoto akijaza sudoku, lile jedwali la kujaza namba, kila siku atashika historia upesi au hatasahau vitu. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha jaribio lililoongozwa na Adrian Owen, ambamo watu 11,430 walifanya mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta mara kadhaa kwa wiki, kwa muda wa wiki 6. Waliyaweza vizuri mazoezi yenyewe, lakini walipopewa majaribio mengine, hata yaliyokaribiana na yale waliyozoea, ustadi ule haukuhamia huko. Mwaka 2016 kampuni ya Lumos Labs, yenye programu ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuishtaki kwa matangazo yaliyoahidi zaidi ya ushahidi uliokuwapo. Kwa hiyo mzazi akikuuliza, usimwahidi kwamba mtoto atatoka na akili mpya.

Hiyo si sababu ya kuacha. Mafumbo yanaweza kufundisha mbinu chache ambazo kila moja unaweza kuipa jina: kujaribu kwanza kwa namba ndogo, kuorodhesha hali zote bila kuruka, kuanzia mwisho kurudi nyuma, kutafuta kitu kisichobadilika, na kulirudisha jibu ndani ya swali ili kulihakiki. Ni mbinu zilezile za hisabati na sayansi. Lakini hazijifundishi zenyewe. Mtoto anaweza kufumbua mafumbo 100 bila kujua ametumia mbinu gani, na siku swali la namna hiyo likimjia kwa sura nyingine asilitambue. Ndiyo maana dakika tatu zinazofuata jibu zina thamani kuliko saba zinazolitangulia, na kwa ulivyoeleza, nadhani hizo tatu ndizo darasa lako halizipati.

Kwanza utaratibu, kisha mafumbo

Ukiandika fumbo ubaoni na kumwacha yeyote aliyepata jibu alitaje, umeanzisha mbio. Watatu wenye kasi wanapaza sauti katika dakika ya kwanza, na kwa wengine wote kazi imeishia hapo kabla hawajamaliza kusoma swali. Baada ya wiki mbili wanakuwa wamejifunza kwamba kusubiri kunalipa. Ukiongeza ugumu, unawaondoa hata wale waliokuwa bado wanajaribu, na watatu wako wanabaki peke yao uwanjani. Kwa hiyo ugumu uuache ulivyo, ubadilishe mwendo wa kikao.

Dakika 10 zinatosha kabisa, zikigawanywa hivi. Dakika 2 za kwanza ni za kimya, na kila mtoto anaandika kitu kwenye daftari: mchoro, orodha, kisio, au hata swali linalomsumbua. Hakuna anayetaja jibu. Aliyelipata analiandika, anakunja ukurasa, na anaanza swali la ziada ambalo utakuwa umelitayarisha. Dakika 5 zinazofuata wanafanya wawiliwawili, kwa sauti ya chini. Hapo unapita katikati ya madawati ukitazama madaftari bila kusahihisha. Kama wengi wamekwama unatoa dokezo moja kwa darasa zima, unasubiri dakika nzima, ndipo la pili. Dakika 3 za mwisho unamwita mmoja aeleze njia, na huyu asiwe aliyemaliza mapema. Mwite ambaye njia yake umeiona ikiwa imeenda nusu. Mengine yatajazwa na darasa, na mwishoni wewe unaitaja mbinu kwa jina lake na kuiandika kwenye pembe ya ubao, ikae hapo wiki nzima.

Jambo linaloharibu utaratibu huu kuliko jingine lolote ni mwalimu kukosa subira katika zile dakika 2 za kimya. Kimya kinaogopesha, na mkono wa mtoto hodari umeshainuka, kwa hiyo ni rahisi mno kusema "haya, tuambie". Usiseme. Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba mkono hauinuliwi mpaka uombe mwenyewe.

Kipimo cha mafanikio nacho kibadilike. Usihesabu waliopata jibu, hesabu walioandika chochote katika dakika 2 za kwanza. Idadi hiyo ikipanda kutoka wiki hadi wiki, kikao kinafanya kazi hata kama majibu mengi ni makosa. Kwa kukadiria ugumu, tumia kanuni hii ya mkono: kama robo tatu ya darasa wamemaliza kabla ya dakika ya 3, fumbo lilikuwa jepesi, na kama chini ya robo wameweza kuanza hata baada ya dokezo la kwanza, lilikuwa zito. Andika alama hiyo pembeni ya fumbo kwenye daftari lako. Ukifika mwisho wa muhula utakuwa na mkusanyo uliopimwa na darasa lako mwenyewe, na hakuna kitabu kitakachokupa hilo.

Dokezo ni ufundi

Tulitazame fumbo moja kwa karibu, maana kwenye madokezo ndipo walimu wengi huteleza.

Mipira 8 inafanana kwa rangi na ukubwa. Mmoja ni mzito kidogo kuliko mingine saba, ambayo uzito wake ni sawa. Una mizani ya sahani mbili, bila mawe ya kupimia. Mtafute mpira mzito kwa uhakika, ukiitumia mizani mara 2 tu.

Karibu kila mtoto ataanza kwa 4 na 4, kisha 2 na 2, kisha 1 na 1. Hiyo ni mara tatu. Njia yao haina kosa lolote ila imezidi kwa kipimo kimoja, na wakishaiona hawawezi kuitoka. Wengine watakuambia, "Napima mmoja na mmoja, nikibahatika nimempata." Ndiyo sababu maneno "kwa uhakika" yako ndani ya swali, yaondoe uone ubishi utakaozuka.

Sasa dokezo. Ukisema "jaribuni 3 na 3" umeshatoa jibu, na kilichobaki ni kujaza tu. Dokezo zuri ni swali linalogusa mahali pale walipokosea kufikiri. Hapa kosa lao ni kudhani mizani inajibu mambo mawili, kushoto au kulia. Kwa hiyo dokezo la kwanza: "Ukipakia sahani zote mbili, mizani inaweza kukuambia mambo mangapi tofauti?" Subiri mpaka mtu aseme matatu: kushoto kushuka, kulia kushuka, au kulingana. La pili: "Mpira ambao hukuupandisha kwenye mizani, unaweza kujua lolote kuuhusu?" La tatu, kama bado hawajafika, ni fumbo lilelile likiwa limepunguzwa: "Mipira ikiwa 3 tu, utatumia mizani mara ngapi?"

Hapo wengi watafika. Unapima 3 na 3, unaacha 2 pembeni. Upande mmoja ukishuka, unachukua wawili kati ya watatu wa upande huo na kuwapima. Wakilingana, mzito ni yule wa tatu. Ikiwa 3 na 3 zimelingana, unawapima wawili uliowaacha. Swali la ziada kwa waliomaliza mapema liko tayari: mipira ikiwa 9 je? Bado ni mara 2. Ikiwa 27? Mara 3. Ikiwa 28? Mara 4, kwa sababu kila kipimo kinagawa uwezekano katika mafungu matatu, na vipimo vitatu vinatosha 3 × 3 × 3 tu. Mbinu ya siku hiyo ubaoni iandike hivi: "Hesabu majibu ambayo chombo chako kinaweza kutoa."

Andaa madokezo matatu kabla ya kuingia darasani, kwa maandishi. Dokezo la papo kwa papo karibu kila mara hutoka likiwa nusu ya jibu.

Maneno ya fumbo yapimwe kama sharti la sheria

Mafumbo mengi yanayozunguka mitandaoni ni mabovu, na watoto wakishagundua mara mbili tatu kwamba swali lenyewe lina walakini, wanaacha kujituma. Ubovu wa kwanza ni mfululizo wa namba usio na kanuni moja. "1, 2, 4, ni ipi inayofuata?" Anayesema 8 anazidisha mara mbili. Anayesema 7 anaongeza 1, kisha 2, kisha 3. Wote wako sahihi, na mwalimu anayemwambia mmoja wao amekosa anamfundisha kwamba fumbo ni kubahatisha kilicho kichwani mwa mwalimu. Ugeuze ubovu huo uwe mtaji: "Tafuteni kanuni mbili tofauti zinazoanza na 1, 2, 4." Hapo kila mtoto ana la kusema.

Ukitaka kuwaonyesha kwamba mazoea hudanganya, wape duara. Weka nukta kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari, hesabu vipande. Nukta 1 ni kipande 1, nukta 2 ni vipande 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Darasa zima litaapa kwamba nukta 6 ni 32. Wahesabu: ni 31. Angalizo moja la lazima: nukta 6 zisipangwe kwa umbali sawa, kwa sababu mistari mitatu itakutana mahali pamoja katikati na utapata 30. Wachoree duara kubwa, ukurasa mzima, la sivyo vile vipande vidogo havionekani na ubishi utakuwa wa macho.

Ubovu wa pili ni sharti lililoachwa. Mfano maarufu ni ule wa milango mitatu: nyuma ya mmoja kuna zawadi, unachagua mmoja, msimamizi anafungua mwingine usio na zawadi, kisha anakuuliza kama unataka kubadili. Mwandishi Marilyn vos Savant alipolijibu mwaka 1990 katika jarida la Parade, alisema ubadili, na maelfu ya watu walimwandikia, wengi wakidai amekosea. Alikuwa sahihi: kubadili kunashinda mara 2 katika 3. Lakini ni sahihi kwa sharti kwamba msimamizi anajua zawadi ilipo na kila mara hufungua mlango mtupu. Kama anafungua ovyo na ukatokea tu kuwa mtupu, kubadili au kutobadili ni sawasawa. Ukiliandika bila sharti hilo, umeandika fumbo lisilo na jibu moja. Na hili, Mwalimu, usilifundishe kwa mabishano. Chukua vikombe 3 na punje moja, wawiliwawili wacheze mara 30 wakibadili na mara 30 bila kubadili, kisha mjumlishe matokeo ya darasa zima. Namba zikikusanyika hakuna atakayebaki na shaka.

Kabla ya kuliandika fumbo ubaoni, lisome kwa mtu mmoja asiyelijua na umwambie akueleze anachotakiwa kufanya. Asipoeleza sawasawa, kosa liko kwenye maneno yako. Vifungu vinavyosahaulika mara nyingi ni "kila mmoja mara moja tu", "kwa uhakika" na "idadi ndogo kabisa".

Changanya aina, lakini mbinu irudi

Umesema wiki ya kwanza ilienda vizuri. Yawezekana ulipata aina moja iliyowapendeza ukaendelea nayo. Aina moja mfululizo hufunga akili, na ushahidi wake wa wazi ulitolewa na mwanasaikolojia Abraham Luchins mwaka 1942 kwa mafumbo ya mitungi ya maji. Una mitungi ya ujazo wa 21, 127 na 3, pata 100. Unajaza mkubwa, unatoa 21, unatoa 3 mara mbili: 127 − 21 − 3 − 3 = 100. Kisha 14, 163 na 25, pata 99: njia ileile. Kisha 18, 43 na 10, pata 5: njia ileile. Baada ya kadhaa za namna hiyo, wape 23, 49 na 3, pata 20. Wengi watafanya 49 − 23 − 3 − 3 bila kuona kwamba 23 − 3 ilitosha. Jaribu hili darasani siku moja, ukianza na manne ya njia ndefu. Wakigundua wenyewe kwamba walipita mlango uliokuwa wazi, hutahitaji kuwahubiria juu ya kutazama swali upya.

Kuchanganya peke yake nako hakutoshi, kwa sababu mbinu inayoonekana mara moja husahaulika. Suluhisho ni kurudisha kiini kilekile kwa sura nyingine, baada ya siku 3 au 4, kisha baada ya wiki mbili. Mfano: watu 6 wamekutana, kila mmoja amempa mkono kila mwenzake mara moja tu; mikono iliyopeanwa ni mingapi? Ni 5 + 4 + 3 + 2 + 1 = 15, na kosa la kawaida ni 30, kwa kuhesabu kila mkono mara mbili. Siku chache baadaye: timu 6 zinacheza ligi, kila timu inakutana na kila nyingine mara moja, mechi ngapi? Wiki mbili baadaye: umbo la pande 6 lina mistari mingapi ya kuunganisha kona zisizopakana? Mistari yote ni 15, toa pande 6, zinabaki 9. Siku mtoto atakapopiga kelele kwamba "hili ni lile la mikono!" ndipo ujifunzaji ulipotokea. Hapo ndipo pa kumsifu, kuliko kwenye jibu.

Mafumbo ya mtego nayo yana nafasi yake, ila moja kwa wiki linatosha. Kamba mbili zina jumla ya sentimita 110, na moja inaizidi nyingine kwa sentimita 100. Fupi ina urefu gani? Kinywa kinasema 10. Irudishe ndani ya swali: fupi ikiwa 10, ndefu ni 110, jumla 120. Jibu ni 5. Thamani yake iko kwenye ule uhakiki wa sekunde tano. Ukiyatoa kila siku, watoto wanaanza kuogopa jibu lolote linalokuja upesi, hata lile la kweli, na wanaacha kuandika.

Darasa lenye viwango tofauti, na wale waliolikuta kwenye intaneti

Haya mawili dawa yake ni moja: fumbo lenye ngazi, ambalo jibu lake ni mwanzo tu. Chukua mraba wa visanduku 3 kwa 3. Jaza namba 1 hadi 9, kila moja mara moja, ili kila safu mlalo, kila safu wima na mishazari yote miwili iwe na jumla sawa. Ngazi ya chini: jumla hiyo ni ngapi? Namba zote zikijumlishwa ni 45, safu ni 3, kwa hiyo 15. Hata mtoto anayesuasua ataifikia. Ngazi ya kati ni kuujaza, kwa mfano 2, 7, 6 juu, 9, 5, 1 katikati na 4, 3, 8 chini. Ngazi ya juu: kwa nini katikati ni lazima 5? Mistari minne inapita katikati, jumla yake ni 4 × 15 = 60. Humo kila namba imehesabiwa mara moja, ila ya katikati mara nne. 60 toa 45 ni 15, nayo ni ile ya katikati iliyorudiwa mara tatu. Watatu wako wa mbele watakuwa na kazi mpaka kengele ilie.

Kwa fumbo maarufu, uliza kile ambacho intaneti haijibu kirahisi. Lile la kuvusha mto, chui, mbuzi na majani, lina umri mkubwa: toleo lenye mbwa mwitu, mbuzi na kabichi limo katika mkusanyo unaohusishwa na mwanazuoni Alcuin wa York, wa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Mtoto akisema analijua, mwambie, "Vizuri. Zipo njia mbili za safari 7. Nionyeshe zote, kisha nieleze kwa nini safari ya kwanza lazima imbebe mbuzi." Kulijua jibu hakujamsaidia kumaliza, na hana sababu ya kujigamba wala kuwaharibia wengine.

Yapo pia mafumbo yasiyowezekana, na hayo ningekuomba usiyaogope, mradi swali liwe "Je, inawezekana? Eleza." Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alieleza kwa nini mtu hawezi kuvuka madaraja yote 7 ya mji wa Königsberg mara mojamoja: kila kipande cha nchi kilikuwa na idadi witiri ya madaraja. Darasani chora mstatili wenye mishazari miwili, na juu yake paa la pembetatu. Je, unaweza kuuchora bila kuinua kalamu wala kurudia mstari? Ndiyo, lakini lazima uanzie kwenye kona mojawapo ya chini, na utamalizia kwenye kona ya pili ya chini. Sasa ondoa paa. Haiwezekani kabisa, pamoja na kwamba mistari imepungua. Wahesabishe mistari inayokutana kila kona: penye paa, kona zenye idadi witiri ni mbili tu, bila paa ni nne. Kila unapopita kona unatumia mistari miwili, wa kuingia na wa kutoka, kwa hiyo kona ya witiri inaweza tu kuwa mwanzo au mwisho wa safari.

Neno juu ya sudoku

Sudoku ni nzuri kwa mtoto mmojammoja, lakini si ya kikao cha dakika 10 ikiwa ni ya 9 kwa 9. Anza na ya 4 kwa 4, ambamo kila safu mlalo, kila safu wima na kila kisanduku cha 2 kwa 2 kinajazwa namba 1 hadi 4 bila kurudia. Sharti moja lisilegezwe: hakuna kubahatisha. Kila namba inayoandikwa iwe na sababu inayotamkika, "hapa ni 3 kwa kuwa safu hii na kisanduku hiki vina nyingine zote". Mtoto anayebahatisha hugundua kosa dakika nane baadaye, hajui lilianzia wapi, anafuta yote, na ndipo anapoichukia.

Ukitunga mwenyewe kwa kufuta namba kwenye jedwali lililojaa, jihadhari na majibu mawili. Tuseme safu ya kwanza ni 1 2 3 4, ya pili 3 4 1 2, ya tatu 2 1 4 3, ya nne 4 3 2 1. Tazama nafasi mbili za kwanza za safu ya kwanza na ya tatu: 1 2 juu, 2 1 chini. Ukizifuta zote nne, mtoto anaweza kuzijaza kinyume, 2 1 juu na 1 2 chini, na kila sharti likatimia. Acha angalau moja kati ya hizo nne. Kila penye namba mbili zinazobadilishana hivyo, acha moja. Kwa jedwali la 4 kwa 4 namba za kuanzia haziwezi kuwa chini ya 4. Kwa la 9 kwa 9, timu ya mwanahisabati Gary McGuire ilithibitisha mwaka 2012 kwamba haziwezi kuwa chini ya 17. Kwa watoto wako toa nyingi zaidi ya hizo, 7 au 8 kwenye la 4 kwa 4 mwanzoni.

Wiki yako ya kwanza ya utaratibu mpya

Jumatatu wape kamba mbili, kwa sababu ni fupi na unahitaji muda wa kueleza taratibu za kimya na madaftari. Jumanne mikono ya watu 6, na swali la ziada liwe watu 10 (45). Jumatano mchoro wenye paa na usio na paa. Andaa karatasi chakavu, maana watachora mara nyingi. Alhamisi mipira 8. Kama una mizani ya sahani mbili, iweke mezani lakini usiitumie mpaka mwisho. Ijumaa rudisha lile la mikono kwa sura ya timu 6 za ligi bila kuwaambia kwamba ni lilelile, kisha usome madaftari: nani amechora, nani ameorodhesha, nani ameanza kwa timu 2 au 3. Walewale watatu usiwanyang'anye heshima yao. Wape kazi ya kutunga fumbo la Jumatatu ijayo, likiwa na jibu, madokezo matatu na swali la ziada, na ulipime kwa mtu mmoja kabla halijafika ubaoni.